Mlima na Muhammad: misemo ya Kiingereza katika madaftari ya watoto wetu



Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto wanne, ameleta kwa mkono barua yenye swali ambalo halijapata kuulizwa katika safu hii. Mwanawe yupo Kidato cha Pili. Katika zoezi la Kiingereza wanafunzi walipewa misemo kumi waieleze maana. Tisa kijana akaieleza. Wa kumi ulisema kwamba ikiwa mlima hauji kwa Muhammad, basi Muhammad hana budi kuuendea mlima. Kijana akakataa kuujibu, na mahali pa jibu akaandika kuwa jambo hilo halikutokea. Mwalimu akamnyima alama, na kwa maelezo ya mama, akamwambia mbele ya wenzake kuwa dini hailetwi darasani. Baba mtu ameghadhibika na anataka kwenda shuleni. Mama anauliza: nani mwenye haki, na mtoto tumwambie nini?

Barua hii imenishughulisha zaidi ya barua nyingi, kwani nyuma yake wapo watoto wengi. Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha akiingia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote humgeukia Kiingereza. Sarufi atafundishwa. Msamiati ataupata katika kamusi. Misemo ndiyo humtesa, kwa sababu msemo hauna maana ya maneno yaliyomo ndani yake. Mwalimu huandika katika ripoti ya muhula "pull up your socks", yaani vuta soksi zako juu, akikusudia kwamba mwanafunzi ajikaze na aongeze bidii. Nimesikia habari ya mzazi aliyesomewa ripoti hiyo akaenda dukani kununua jozi mbili za soksi. Tukicheka, tucheke kwa huruma. Mgeni naye akiambiwa kwa Kiswahili kwamba fulani ana mkono wa birika, atautafuta mkono huo asiuone.

Hivyo la kwanza la kumwambia kijana ni kwamba kuijua misemo ya watu ni katika kuijua lugha yao, na kujua lugha ya watu si jambo lililo nje ya dini. Mtume (SAW) alimwamuru Zayd bin Thabit (RA) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na zijibiwe kwa uaminifu, na Zayd akasimulia kuwa haikupita nusu ya mwezi akawa ameyamudu. Hakujifunza ili awe kama wao. Alijifunza ili asiwepo wa kuwadanganya Waislamu kwa jambo wasilolifahamu.

Sasa tuuendee huo mlima.

Msemo huu umepata umaarufu kutokana na maandishi ya Mwingereza Francis Bacon, katika toleo la mwaka 1625 la kitabu chake cha insha, ndani ya insha inayozungumzia ujasiri. Hapo Bacon anadai kwamba Mtume aliwaaminisha watu kuwa atakiita kilima kimjie, na juu yake awaombee dua wafuasi wake. Watu wakakusanyika, kilima kikaitwa mara baada ya mara, kisisogee. Naye bila ya kuona haya akasema kuwa kilima kisipokuja, yeye atakiendea. Bacon haelezi habari hii ameipata wapi. Anaitaja kama mfano wa watu wanaoahidi makubwa, wakishindwa wakageuza maneno bila ya kutahayari. Tuseme waziwazi: shabaha ya kisa hicho pale kilipoandikwa ilikuwa ni kejeli. Na si vibaya msomaji akajua kwamba mwandishi huyo, aliyewahi kuwa afisa mkuu wa sheria wa mfalme wa Uingereza, aliondolewa katika cheo chake mwaka 1621 baada ya kukiri kupokea rushwa.

Kisa hicho hakimo katika Qur'ani, wala katika vitabu vya hadithi, wala katika sira. Kilichomo ni kinyume chake. Katika Suratul Israa, aya ya 90 hadi ya 93, Maquraishi wanamtaka Mtume (SAW) miujiza kwa orodha: awachimbulie chemchemi, awe na bustani, awaangushie mbingu vipande vipande, apae. Jibu aliloamrishwa kuwapa ni kwamba yeye si chochote ila ni mwanadamu aliyetumwa. Hakuahidi mlima.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi, na ambayo ningependa kijana wetu aihifadhi, ni ile ya siku aliyofariki mtoto wa Mtume, Ibrahim. Siku hiyo jua lilipatwa. Watu wa Madina wakasema kuwa jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Hebu tafakari, ndugu msomaji. Hakuna aliyewafundisha watu maneno hayo. Waliyasema wenyewe kwa mapenzi na majonzi. Mtu mwenye kutafuta kutukuzwa angenyamaza tu, na kunyamaza kwake kungetosha. Mtume (SAW), akiwa katika msiba wa mwanawe, aliwaswalisha watu kisha akawaambia kuwa jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa sababu ya kufa kwa mtu wala kuishi kwake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Aliyekataa kusifiwa kwa jua ambalo kweli liliingia giza, vipi atajisifu kwa kilima ambacho hakikusogea?

Na kama ni habari za Mtume na mlima, tunazo zilizo sahihi. Uhud aliusema kuwa ni mlima unaotupenda nasi tunaupenda. Na siku moja alipokuwa juu yake pamoja na Abubakar, Umar na Uthman (RA), mlima ukatikisika, akauamuru utulie kwani juu yake yupo Nabii, mkweli, na mashahidi wawili. Mtoto anayezijua hadithi hizi mbili haogopi zoezi la Kiingereza.

Turudi kwa mwalimu. Hivi leo Mwingereza anayeutumia msemo ule, aghalabu hajui habari ya Bacon wala hakusudii kumtaja Mtume kwa ubaya. Anakusudia jambo la kawaida kabisa: unachokihitaji kisipokujia, kifuate. Mgonjwa asipoweza kuja zahanati, daktari amfuate nyumbani. Mwalimu aliyeuweka katika zoezi yawezekana ameuchukua katika kitabu cha mazoezi kama alivyochukua mingine tisa. Kwa hiyo, kwa rai yangu, kijana alipaswa kuieleza maana, kwa kuwa aliulizwa maana. Kueleza maana ya neno si kulikubali. Kisha angeongeza sentensi moja ya adabu kwamba kisa chenyewe hakina asili katika historia ya Uislamu. Alama angeipata na ukweli angeusema. Ama mwalimu, kumtahayarisha mtoto mbele ya darasa kwa sababu ya kumheshimu Mtume wake hakukuwa na haja, na hapo baba anayo haki ya kwenda shuleni. Aende asubuhi, akiwa ametulia, na aombe faragha. Akienda na ghadhabu, kitakachokumbukwa ni ghadhabu yake.

Je, Muislamu autumie msemo huo mwenyewe katika insha zake? Hapa nitasema hapana, japo najua wapo watakaoniona ni mwenye kukaza. Dalili yangu ni aya ya 104 ya Suratul Baqara. Waislamu walikuwa wakimwambia Mtume "raa'inaa", neno la Kiarabu lenye maana njema ya kuomba kuangaliwa na kusubiriwa. Wapinzani wakaligeuza kuwa la kejeli. Ndipo Waumini wakaamrishwa waliache na waseme "undhurnaa" badala yake. Maana haikuwa na kasoro. Lililotiwa kasoro ni neno, nalo likaachwa maadamu lipo jingine. Kiingereza nacho hakina upungufu wa maneno ya kusema "nitakifuata mwenyewe".

Lakini tusije tukaikaza kamba hii hadi ikakatika. Wapo ndugu ambao wakigundua kuwa neno lina asili ya kipagani hulikimbia. Hawa ningewauliza siku ya Alhamisi wanaiitaje kwa Kiingereza, maana jina lake katika lugha hiyo limetokana na Thor, mungu wa radi wa makabila ya kale ya Ulaya ya kaskazini. Hakuna anayepanga mkutano siku hiyo akawa amemwabudu Thor. Asili imekufa, limebaki jina. Kwa upande wa pili, neno la kuagana, "goodbye", ni mkato wa maneno ya zamani ya kumwombea mtu Mungu awe pamoja naye, na ni Waingereza wachache wanaolikumbuka hilo wanapoagana. Kwa hiyo kipimo si asili peke yake. Tuangalie neno linabeba nini leo katika kinywa cha anayelisema na katika sikio la anayelisikia.

Kwa kipimo hicho, ipo misemo mitatu ya kila siku ambayo ningewaomba wazazi waiangalie kwa makini kuliko ule wa mlima, maana vijana wetu wanaitumia bila ya kuhisi chochote.

Wa kwanza ni "touch wood", gusa mti. Mtu husema biashara yangu inakwenda vizuri, kisha akagonga meza ili neema isimwondokee. Wamarekani husema "knock on wood". Asili yake wenyewe wanabishana, wengine wakiirudisha kwenye mizimu ya miti na wengine kwenye msalaba. Sisi hatuhitaji kuamua baina yao, kwa sababu hapa imani haijafa: mkono bado unaugusa mti, na anayeugusa anatarajia kitu. Muislamu akitaja neema husema Mashaallah. Wa pili ni ule wa kupishanisha vidole ili jambo lifanikiwe, alama ambayo wengi huinasibisha na msalaba. Wa tatu ni kuzishukuru nyota za bahati. Huu unagusana moja kwa moja na hadithi ya Hudaybiya, pale ilipokuwa imenyesha usiku, na Mtume (SAW) akawaeleza Masahaba kauli ya Mola wake kuhusu wanaosema tumepata mvua kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, na wanaosema tumeipata kwa nyota fulani. Wa mwanzo wamemwamini, wa pili wameziamini nyota. Tusijione wema, hata hivyo. Anayemkataza mwanawe kugonga meza ilhali amemfunga hirizi kiunoni, amemkataza nini? Uislamu umekataza mikosi na ndege mbaya, na badala yake umelipenda neno jema la matumaini. Kijana akitaka kumtakia mwenzake heri ya mtihani kwa Kiingereza, amwambie nakuombea. Neno hilo lipo, na linaeleweka.

Neno la Makka nalo wamelifanyia mambo. Katika Kiingereza cha magazeti, mahali popote panapokusanya wapenzi wa jambo huitwa "mecca" ya jambo hilo: mecca ya wacheza gofu, mecca ya wanunuzi wa mavazi. Uingereza zipo hata kumbi za kamari ya bingo zenye jina hilo. Serikali ya Saudi Arabia ilipoamua katika miaka ya 1980 kwamba mji mtukufu uandikwe Makkah kwa herufi za Kilatini, iliwapa Waislamu njia nyepesi: tuuandike mji wetu hivyo, na lile neno jingine tuwaachie wenyewe.

Ipo pia misemo ambayo haina tatizo la itikadi, lakini ukiilinganisha na ya kwetu unajifunza tabia. Waingereza wakiwa wanamzungumza mtu, mara akatokea, husema kwa utani "speak of the devil", yaani umtaje shetani, na huyo amefika. Hawamtukani, ni mzaha uliozoeleka. Sisi katika hali hiyohiyo humwambia mtu: utaishi miaka mingi, sasa hivi tulikuwa tunakutaja. Jambo ni moja. Mmoja amempa mwenzake shetani, na mwingine amempa umri. Sijapata kuona sababu ya Mswahili kuubadilisha wake kwa ule.

Hali kadhalika chumvi. Kwetu, anayetia chumvi ni msimulizi anayezidisha. Kwao, chumvi huishika msikilizaji: kuipokea habari kwa chembe ya chumvi ni kuipokea bila ya kuiamini yote. Naona misemo hii miwili ingefaa kuoana, hasa katika zama hizi za taarifa za kusambaziwa simuni. Na katika taarifa hizo zimo nyingi zinazodai kufichua asili ya misemo. Mfano ni ule unaosema damu ni nzito kuliko maji, ambao hata Kiswahili kinao. Husambazwa maelezo kuwa ati mwanzoni ulimaanisha kinyume chake, kwamba agano lashinda udugu wa tumbo moja. Hakuna ushahidi wa kale unaoonesha hivyo. Msemo unasema unachosema: jamaa ni jamaa, na haki ya kuunga kizazi ipo palepale.

Nimeuacha nyuma kwa makusudi msemo ambao katika kazi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti nausikia kuliko mingine yote. Nao ni "charity begins at home", sadaka huanzia nyumbani. Husemwa na watu wazima, tena waliosoma, kila unapopita mchango. Unapotaja karo ya mayatima, unaambiwa sadaka huanzia nyumbani. Paa la madrasa linavuja, ni hivyohivyo. Mwenye kuusema huusema kwa Kiingereza, kana kwamba lugha hiyo imeshafunga mjadala, na daftari la michango linapita mbele yake kama upepo.

Maneno yenyewe ni ya kweli, na dini yetu inayathibitisha. Mtume (SAW) amefundisha kwamba mtu aanze na wale walio chini ya uangalizi wake, na kwamba dinari anayoitumia mtu kwa familia yake ina ujira mkubwa kuliko nyingine. Mwanamume anayetoa msikitini ili atajwe kwenye kipaza sauti, na kwake watoto wamelala na uji, hakufahamu sadaka. Lakini angalia kitenzi. Msemo umesema huanzia, haukusema huishia. Aya ya 215 ya Suratul Baqara imepanga njia nzima: wazazi, kisha jamaa wa karibu, kisha mayatima, kisha masikini, kisha msafiri aliyekatikiwa. Nyumbani ni mlango wa kutokea. Anayeutumia msemo huo kufungia mlango ameugeuza, na mara nyingi ukichunguza utakuta hata huko nyumbani haijaanza: mama yake mzazi yupo kijijini, na simu anapigiwa na majirani.

Wapo kina mama waliolalamika kwetu kwamba waume zao huwajibu kwa msemo huohuo pindi wanapotaka kuwasaidia ndugu zao wa upande wa kike. Kwa hao nasema, mali ya mke ni yake, na idhini ya kuitolea sadaka haitoki katika methali ya Kiingereza.

Kabla sijaishiwa na nafasi, nizungumzie jambo la upande wa pili, la misemo yao kuhamia kwetu kwa kutafsiriwa neno kwa neno. Kutupa jiwe moja ukapata ndege wawili kumeshazoeleka, na hakuna anayelalamika. Ila hili la "mwisho wa siku" linanikera, nakiri. Redioni, mikutanoni, na sasa hata kwenye mimbari, kila sentensi ina mwisho wa siku: mwisho wa siku tutafanikiwa, mwisho wa siku uamuzi ni wako. Ni tafsiri ya Kiingereza, nayo kwa sikio la Muislamu ina mwangwi mwingine kabisa. Mzee mmoja wa safu ya mbele, baada ya kumsikiliza kijana akitoa mawaidha, aliuliza kwa unyenyekevu kama mada ilikuwa ni Kiyama. Tunayo maneno yetu: hatimaye, mwishowe, baada ya yote, ukweli ni kwamba. Wahubiri vijana wayatumie.

Mwisho ni swali fupi la ndugu katika kamati ya msikiti mwingine. Wameandikiana na wafadhili wawili, mmoja yupo Uingereza na mwingine Marekani, kuhusu uchimbaji wa kisima. Kila mmoja amejibu kwamba maombi yao yamekuwa "tabled", yaani yamewekwa mezani, nao wakashangilia mara mbili. Ndugu yangu, shangilieni mara moja kwanza. Kwa Mwingereza, kuliweka jambo mezani ni kulileta lijadiliwe. Kwa Mmarekani, ni kuliahirisha, na huenda lisirudi. Winston Churchill amesimulia katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili jinsi maafisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo hilo, kabla ya kugundua kuwa wote walikuwa wanataka jambo moja. Mwandikieni huyo wa Marekani barua ya heshima, mumuulize tarehe gani maombi yenu yatajadiliwa. Akitaja tarehe, vyema. Asipotaja, msiuze pampu ya zamani.

Wabillahi tawfiq.